Kutoka Residensi ya Magonjwa ya Ndani hadi Ubingwa Bobezi Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya rezidenti (daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa) wa magonjwa ya ndani nchini Marekani anayelenga feloshipu, yaani mafunzo ya ubingwa bobezi, yenye ushindani mkali: moyo, mfumo wa chakula na ini, damu na saratani, au mapafu na wagonjwa mahututi. Anayelenga figo anaweza kuyasoma kwa utulivu zaidi, kwani fani hiyo hubaki na nafasi zisizojazwa kila mwaka.

Residensi ni miaka 3. Haraka ya nini?

Miaka 3 ni ya mafunzo, si ya maandalizi. Maombi hutumwa Julai, mwanzoni kabisa mwa mwaka wa tatu, kwa hiyo chochote utakachofanya baada ya hapo hakimo kwenye faili lako. Aliyeanza Julai 2025 hutuma maombi Julai 2027, hupata matokeo ya Mechi mwanzoni mwa Desemba 2027, na huanza feloshipu Julai 2028. (Mechi hapa si ya mpira. Ni ulinganishaji wa waombaji na programu unaofanywa na shirika la NRMP.)

Sasa hesabu kinyumenyume. Barua zinapaswa kuombwa kufikia Aprili 2027, na mwandishi awe amekwisha kukuona ukifanya kazi. Mkutano wa kila mwaka wa ACC, chama cha madaktari wa moyo, hufanyika Machi au Aprili, na ikisiri (muhtasari wa utafiti) hupokelewa hadi Oktoba ya mwaka uliotangulia. Ukitaka kusimama na bango lako pale mwaka 2027, lazima uwe na matokeo mkononi Septemba 2026, na ombi lako liwe limefika kwenye bodi ya maadili ya utafiti (IRB) kabla ya Machi 2026, ukiwa bado mwaka wa kwanza. Kila fani ina kalenda yake. DDW ya mfumo wa chakula hukutana Mei, na mlango wa ikisiri hufungwa karibu na mwanzo wa Desemba. ASH ya magonjwa ya damu hukutana Desemba, ila ikisiri zake hufungwa mwanzoni mwa Agosti. Anayegundua tarehe hizi akiwa mwaka wa pili huwa ameshapoteza mkutano mmoja, pengine miwili.

Sijaamua fani. Nisubiri?

Usisubiri zaidi ya Januari ya mwaka wa kwanza. Ukibaki njia panda kati ya fani mbili, chagua mradi unaogusa zote mbili, kwa mfano madhara ya dawa za saratani kwenye moyo. Usiipime fani kwa siku yake ya kusisimua. Ipime kwa Jumanne ya kawaida: kliniki ya wagonjwa 16 wenye shida zilezile, simu za wodini, ripoti za vipimo. Kama siku ile hukuchoka vibaya, hiyo fani inakufaa.

Rotesheni (vipindi vya kupita idara mbalimbali) zipangwe vipi?

Ratiba ya mwaka unaofuata hutengenezwa na machifu (marezidenti wakuu) kati ya Februari na Aprili. Waone kabla hawajaifunga, uombe mambo mawili.

La kwanza: mwaka wa pili, rotesheni ya ushauri wa kitaalamu katika fani yako iwe kati ya Julai na Februari. Ikija Mei, mwandishi wa barua atakuwa na wiki chache tu za kukujua. Omba pia uwe na bingwa mmoja kwa wiki 2 mfululizo. Siku nne nne na mabingwa watatu haziwezi kuzaa barua yenye nyama.

La pili: mwaka wa tatu, Agosti hadi mapema Novemba, usiwekwe ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) wala zamu za usiku. Huo ndio msimu wa usaili. Rezidenti aliyetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na kufungua kamera saa mbili huonekana hivyo hivyo alivyo. Ukishindwa kuhamishwa, tafuta mapema wenzako wa kubadilishana nao zamu, na uwalipe deni lao kabla ya Agosti. Kikomo cha ACGME, msimamizi wa mafunzo ya residensi, cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 4, kinabaki palepale hata mnapobadilishana.

Nitampataje mlezi wa utafiti?

Usianze na jina kubwa kuliko yote. Profesa mwenye makala mia tatu anaweza kuwa mwema lakini asijibu barua pepe kwa wiki tano. Tafuta bingwa wa umri wa kati ambaye katika miaka miwili iliyopita amechapisha makala ambazo jina la kwanza ni la rezidenti. Hilo unalithibitisha kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kwa dakika kumi.

Barua pepe ya kwanza iwe na mistari sita: wewe ni nani, makala yake ipi umeisoma na swali gani limekujia, una saa ngapi kwa wiki, miezi ipi uko huru, unajua kutumia nini (programu za kompyuta za data kama REDCap, R, Stata au hata Excel), na unaomba dakika 20. Ukiandika tu kwamba "ungependa kushiriki utafiti wowote," utapewa kazi ambayo kila mtu ameikwepa.

Mkikutana, ulizeni mapema suala la majina. Nani atakuwa wa kwanza? Nani wa mwisho? Sheria za ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, zina masharti manne, na mwandishi lazima ayatimize yote: mchango halisi, kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi nzima. Mkiyamaliza mapema hayana ugomvi. Mkiyaahirisha hadi makala imekamilika, urafiki huvunjika hapo.

Mradi gani unamalizika ndani ya residensi?

Si jaribio la dawa, wala si kufuatilia wagonjwa kwa mwaka mzima. Mradi unaowezekana ni uchambuzi wa mafaili ya wagonjwa waliokwisha tibiwa, ukiwa na swali finyu.

Fanya hesabu ya muda kabla hujakubali. Mafaili 200, kila moja dakika 15, ni saa 50. Kwa saa 4 kwa wiki hizo ni zaidi ya wiki 12, bado rotesheni ya ICU hujaitoa. Basi kama mlezi anasema mafaili 900, omba mwenzako wa pili au uombe data itolewe moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa hospitali. Hilo la pili lina foleni yake, kwa hiyo jina lako liandikwe mapema.

Mahali miradi inapofia panajulikana. Kwanza ni tafsiri ya vigezo. "Figo kushindwa ghafla" ina maana gani: kreatinini kupanda kwa 0.3 mg/dL ndani ya saa 48, au mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7? Na kiwango cha awali ni kipi kwa mgonjwa asiye na kipimo cha zamani? Andika kamusi ya vigezo kabla ya kufungua faili la kwanza. Ukibadilisha tafsiri ukiwa faili la 120, unarudi la kwanza. Pili, mgonjwa mmoja aliyelazwa mara tatu huhesabiwa kama watu watatu. Tatu, vizio vya maabara huchanganyika pale hospitali mbili zinapounganisha data. Nne, nafasi iliyoachwa wazi: je, kipimo hakikufanyika, au kilifanyika hukukiona? Weka alama tofauti kwa kila hali. Kisha mtu wa pili apitie asilimia 10 ya mafaili bila kuona majibu yako, ili mpime mnakubaliana kiasi gani.

Ripoti ya mgonjwa mmoja ina nafasi yake, hasa mwaka wa kwanza, kwa kuwa hukufundisha kuandika. Fuata mwongozo wa CARE na upate ridhaa ya mgonjwa akiwa bado wodini, kwani akisharuhusiwa utamsaka kwa simu. Mapitio ya kimfumo yanaonekana rahisi kwa sababu hayahitaji wagonjwa, lakini yanahitaji watu wawili wa kuchuja maelfu ya vichwa vya makala kila mmoja peke yake, na usajili kwenye PROSPERO, daftari la mapitio ya aina hiyo, kabla ya kuanza. Mtu mmoja hawezi.

IRB inachelewesha. Kuna njia ya mkato?

Njia ya mkato haipo, ila ucheleweshaji mwingi ni wa kujitakia. Maombi hurudishwa kwa sababu zilezile: cheti cha mafunzo ya maadili cha mmoja wa watafiti kimeisha muda, orodha ya vigezo haifanani na ile iliyo kwenye maelezo ya mradi, au hakuna sababu ya kuomba msamaha wa ridhaa. Kwa utafiti wa mafaili eleza kwa nini haiwezekani kuwapata wagonjwa wote na kwa nini hatari kwao ni ndogo.

Data ihifadhiwe REDCap au kwenye seva ya hospitali. Kompyuta yako ya nyumbani haifai, na flashi haifai zaidi. Chini ya HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za wagonjwa, kuna vitambulisho 18 vya kuondoa ili data ihesabike kuwa haina utambulisho, na kinachosahaulika mara nyingi ni tarehe: ya kulazwa, ya kipimo, ya kifo. Badala ya tarehe, weka idadi ya siku tangu kulazwa.

Takwimu nifanye mwenyewe?

Jedwali la kwanza, lile la sifa za wagonjwa, ndiyo. Zaidi ya hapo, kaa na mtakwimu kabla ya kukusanya data, si baada. Kuna kanuni ya kidole gumba itakayokuokoa: katika modeli ya logistiki, kila kigezo kinahitaji matukio 10 hivi. Ukiwa na wagonjwa 300 lakini vifo 30, una nafasi ya vigezo 3. Rezidenti wengi huweka 11, hupata namba zinazong'aa, kisha mhakiki wa jarida anazizima kwa sentensi moja.

Niwe na machapisho mangapi?

Hakuna idadi. Kamati huangalia kama uliwahi kuanza kitu na kukimaliza. Makala moja unayoweza kuitetea hadi kwenye jedwali la mwisho ni bora kuliko mabango nane uliyowekewa jina.

Majarida ya kitapeli yaepuke kabisa. Dalili zake: barua pepe inayokusifu, ahadi ya kuhakikiwa ndani ya siku 5, na ada inayotajwa baada ya kukubaliwa. Na kwenye ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi, usiandike "imekubaliwa" kwa kazi iliyotumwa tu. Msaili anaweza kuitafuta makala hiyo mbele yako.

Barua za mapendekezo: ngapi, na za nani?

ERAS inaruhusu hadi 4 kwa kila programu. Moja ni ya mkurugenzi wa programu yako, karibu kila mahali ni lazima, na imo ndani ya hizo 4. Zinabaki 3: mbili za mabingwa wa fani unayoomba, mmoja wao akiwa amekuona kitandani kwa mgonjwa, na moja ya mlezi wa utafiti. Ikitokea mlezi huyo ni bingwa wa fani hiyo hiyo, nafasi iliyobaki impe bingwa wa wodi au ICU aliyekuona usiku mgumu.

Kosa kubwa ni kufuata cheo. Barua ya mkuu wa idara asiyekujua huwa na aya mbili: ya kwanza inasema alikutana nawe, ya pili inarudia wasifu wako. Wasomaji wake wanaitambua kabla hawajafika katikati.

Uliza hivi: "Je, unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisita, shukuru na uondoke. Kusita kwake ni msaada. Akikubali, mpe wasifu, rasimu ya maelezo binafsi, na ukurasa mmoja wa wagonjwa watatu mliowahudumia pamoja na ulichofanya kwa kila mmoja. Bila ukurasa huo hatakumbuka. Fomu ya ombi unaitengeneza ndani ya ERAS, naye hupandisha barua mwenyewe. Achia haki yako ya kuisoma. Barua ambayo mwombaji ameiona haichukuliwi kwa uzito. Tokeni ya kuingilia ERAS hutolewa na EFDO, ofisi ya ECFMG inayoshughulikia nyaraka za feloshipu, na waliosoma Marekani nao hupitia hapo. Mkumbushe mwandishi wiki 3 kabla, kisha wiki 1 kabla. Kumkumbusha si utovu wa adabu.

Step 3 na mtihani wa kila mwaka vina uzito gani?

Step 3, hatua ya mwisho ya mtihani wa leseni ya udaktari (USMLE), ifanywe mwaka wa kwanza, kwenye rotesheni nyepesi. Ni siku 2, na siku ya pili ina visa 13 vya kuigiza kwenye kompyuta, ambavyo huwaangusha watu kwa kutojua programu yenyewe kuliko kwa kutojua tiba. Fanya mazoezi ya visa hivyo angalau mara 20. Ukifaulu huruhusiwi kurudia, basi usiingie kwa majaribio. Kwa kuwa Step 1 haitoi alama tangu Januari 2022, alama za Step 2 na Step 3 zinatazamwa zaidi.

Mtihani wa kila mwaka wa ACP, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani, ni wa kujipima. Ila mkurugenzi wako anaona matokeo, na barua anaiandika yeye.

Maelezo binafsi yaandikwe vipi?

Ukurasa mmoja, maneno 600 hadi 750. Kwa nini fani hii, umefanya nini kinachothibitisha, unataka kuwa daktari wa aina gani baada ya miaka 3. Ugonjwa wa ndugu unaweza kutajwa kwa sentensi mbili, si aya tatu. Kama kuna pengo la masomo au mtihani ulioanguka, lieleze kwa ufupi na usiombe radhi. Kabla ya kutuma matoleo tofauti kwa programu tofauti, hakikisha jina la hospitali moja halijabaki kwenye barua ya nyingine. Hutokea kila mwaka.

Usaili unataka nini?

Wengi wanasaili kwa video tangu 2020. Zingatia saa: pwani ya mashariki iko mbele ya ile ya magharibi kwa saa 3, na mialiko huandikwa kwa saa za programu. Mialiko ikija, jibu ndani ya saa moja, kwa sababu nafasi nzuri huisha upesi. Ukiwa zamu, mwachie mtu unayemwamini akufungulie barua pepe.

Andaa wagonjwa watatu: uliyemtibu vizuri, uliyemkosea, na ambaye wewe na timu mlitofautiana juu yake. Kwa kila mstari wa wasifu wako uweze kuzungumza dakika mbili, ukianza na swali la utafiti na kumalizia na udhaifu wake. Udhaifu utaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Maswali yako nayo yawe ya maana. Kwa fani ya moyo, uliza wahitimu wa kawaida humaliza na kiwango gani cha COCATS (mwongozo wa mafunzo ya moyo) katika eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Kiwango cha II ni miezi 6, kufanya vipimo 150 na kusoma 300, na si kila programu inampa kila mtu muda huo. Uliza pia wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi. Mafelo (madaktari walio kwenye feloshipu) waulize zamu zao, viongozi wakiwa wametoka.

Orodha ya vipaumbele: niweke juu programu iliyonipenda?

Hapana. Weka juu unayoipenda wewe. Kanuni ya Mechi, iliyosanifiwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson na kutumika tangu 1998, huanza na mwombaji: inajaribu kukuweka chaguo lako la kwanza, ikishindikana la pili, na kuendelea. Kuweka juu programu ya ndoto hakukupunguzii nafasi katika zile za chini yake. Wanaopanga kwa kubahatisha nani atawataka hujishusha bure.

Neno "tumekupanga juu sana" si ahadi. Programu hairuhusiwi kukutaka useme utaiweka nafasi ya ngapi. Na usiweke mahali ambapo hutaenda, maana matokeo yanakufunga kimkataba.

Nina viza. Kuna mtego?

Upo, na ni wa hesabu. Viza ya J-1 ya mafunzo ya udaktari ina kikomo cha miaka 7 kwa kawaida. Residensi 3 na moyo 3 ni 6. Ukiongeza mwaka 1 wa kuzibua mishipa umefika 7. Lakini umeme wa moyo ni miaka 2, jumla 8, inazidi. Mwaka wa uchifu nao unahesabiwa. H-1B, viza ya kazi, ni miaka 6, kwa hiyo 3 na 3 huimaliza kabisa, isipokuwa uwe umeanza taratibu za ukazi wa kudumu. H-1B huhitaji Step 3 kabla ya ombi kuwasilishwa. Angalia kila programu inafadhili viza ipi kabla hujailipia ada ya maombi.

Nisipopata je?

Siku hiyo hiyo, mwombe mkurugenzi wako apige simu kwa programu zilizobaki na nafasi. Wiki mbili baadaye, mwombe apige nyingine, kwa programu mbili zilizokusaili, kuuliza nini kilikosekana. Majibu ya simu huwa ya ukweli kuliko ya barua pepe.

Kisha kuna njia tatu: uchifu wa mwaka 1, kazi ya ubingwa wa wodi katika hospitali yenye feloshipu ya fani yako, au mwaka wa utafiti. Uchifu humfaa aliyekosa kujulikana. Utafiti humfaa ambaye faili lake halikuwa na kazi iliyokamilika. Kazi ya wodi humfaa mwenye deni au familia, kwa sharti moja: mkataba utaje siku za kukaa na idara ya fani hiyo, kwani ahadi ya mdomo humezwa na zamu. Kumbuka kalenda: matokeo hutoka Desemba na maombi mapya hufunguliwa Julai, yaani una miezi 7 ya kuongeza barua moja mpya na kazi moja iliyochapishwa. Mwenye J-1 ashauriane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini kazi yoyote ya wodi.